Doa Lililokosekana

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imenikuta sijaanua shuka za nyumba ya wageni. Nimezifua zote upya. Mume wangu amefunga kamba sebuleni, na sasa tunakula tumeinamisha vichwa chini ya mashati ya watu. Ndiyo kazi ya dobi, mvua ikinyesha nyumba yote inavaa nguo za wateja.

Kibiriti anafurahi. Anapita katikati ya shuka akijifanya mzimu, na mimi nampigia kelele asiziguse na mikono ya chai. Ni binti wa miaka saba. Jina hilo alipewa na baba yake mdogo alipoanza kutembea, kwa sababu kalikuwa kadogo na hakachelewi kuwaka.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Nguo hazikauki. Wakili kaja kuulizia mashati yake, nikamwambia yanapata hewa. Yalikuwa yanatona maji.

Jumapili, 9 Machi

Viatu vya shule vimembana Kibiriti. Vilinunuliwa Januari. Mume wangu, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma na huwa hashangai kitu, alivigeuza geuza mkononi akauliza huyu mtoto tunampa nini.

"Anakua," mama mkwe akajibu. "Kwani mlitaka adumae?"

Mama mkwe wangu ndiye nguzo ya nyumba hii, na nasema hivyo bila kujipendekeza kwa sababu kitabu hiki hakisomi. Ana miaka hamsini na mmoja, alihamia kwetu alipofiwa. Kila jioni anamwogesha Kibiriti, anampeleka chumbani kwake, anampaka mafuta ya mgando kuanzia shingoni hadi vidoleni, kisha anamsimulia hadithi mtoto akiwa amelalia mkono wake mpaka usingizi umchukue. Mimi saa hiyo bado nimesimama kwenye pasi. Bila mikono ile ningekuwa nimeshalemewa zamani.

Leo alikuwa anajipepea kwa gazeti huku mvua inanyesha. Nikamtania, mama, ni mchumba gani huyo anayekutia joto namna hiyo? Shemeji yangu akacheka hadi chai ikampalia. Mama mkwe hakucheka. Alikunja gazeti akaingia chumbani.

Alhamisi, 13 Machi

Nilikuwa namjaribisha Kibiriti sweta, akarudi nyuma. "Hapa panauma."

Nikagusa. Chini ya ngozi ya kifua kuna kitu kigumu, ukubwa wa kifungo cha shati. Upande wa pili kipo kingine. Nikasema moyoni ni mbu, kisha nikajicheka, mbu gani anayeuma pande mbili kwa kipimo kimoja?

Nikamwuliza mama mkwe. Alisema amekiona siku nyingi, alidhani ni unene. Nimeamua na mimi nidhani ni unene.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua. Wakili.

Jumanne, 18 Machi

Nimeandika tarehe halafu nikakaa na kalamu muda mrefu.

Asubuhi nilikuwa nachambua nguo zetu, nyeupe huku, za rangi kule. Madoa ndiyo kazi yangu. Chai naijua, kutu naijua, wino naujua, na tope la barabarani natofautisha na tope la uwanjani. Nikashika nguo ya ndani ya Kibiriti, ile yenye picha ya sungura, na mikono ikakataa kuendelea. Doa lile nalijua kuliko madoa yote. Nilichokataa ni kulijua mahali lilipokuwa.

Mtoto alikuwa mezani anachora. Shule wamefunga kwa sababu ya mafuriko. Nikamwuliza kama ameumia.

"Hapana."

"Kuna mtu amekuumiza?"

"Hapana. Mama, mbona umeshika mlango?"

Nilikuwa nimeushika kweli. Akili ya mzazi ikishtuka hivyo haiendi pole pole, inaruka hadi kwenye jambo baya kuliko yote na kukaa hapo. Nikaanza kuhesabu wanaume wanaoingia nyumba hii, na hesabu ilikuwa fupi. Kuna mume wangu. Kuna wakili, ambaye havuki kizingiti. Kuna shemeji.

Shemeji ni mtoto wa mwisho wa mama mkwe. Anatengeneza simu, analala sebuleni chini ya kamba zangu, na ndiye anayempeleka Kibiriti shule kwa sababu njia yao ni moja. Nilimkuta ameinamia simu ya mtu na bisibisi yake ndogo. Nikamwuliza. Maneno niliyotumia sitayaandika, na kila nikiyakumbuka nahisi mdomo unaniwaka.

Aliweka bisibisi chini taratibu. "Shemeji, swali hilo umeniuliza mimi?"

Akasubiri, labda nicheke, labda niseme nimetania. Kisha akakusanya vyombo vyake vya kazi, akavifunga kwenye fulana, akatoka mvuani na begi kichwani. Mama mkwe alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Alikuwa amesikia yote. Alimwangalia mwanawe mpaka alipokata kona, akanigeukia, kisha akarudi jikoni.

Mume wangu aliporudi nilimweleza kwa sauti ya chini. Akakaa juu ya kapu la nguo zilizopigwa pasi, na mimi sikumwambia ainuke.

Jumatano, 19 Machi

Daktari wa watoto ni mwanamke mfupi, miwani imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Alizungumza na Kibiriti kwanza, kuhusu sungura na shule na nani anamkera. Akampima mbele yangu, kila hatua akimwomba ruhusa. Kisha akamtuma nje akaonyeshwe samaki wa kwenye tangi.

"Mama, nisikilize," akasema. "Hakuna aliyemwumiza huyu mtoto. Hakuna dalili hata moja."

Nilidhani ningeshukuru Mungu. Badala yake nilimwona shemeji na begi kichwani.

"Sasa ile damu ni nini?"

"Mwili wake umeanza kubalehe."

"Daktari, ana miaka saba. Meno ya mbele hana."

"Najua. Nimeyaona."

Alinieleza kwamba hutokea. Mara nyingi ubongo huamka mapema ukatoa amri kabla ya wakati, na kuna sindano ya kuulaza tena mpaka umri ufike. Lakini kwanza lazima ijulikane amri inatoka wapi. Wakampiga picha ya mkono wa kushoto, ya tumbo pia, wakamtoa damu. Kibiriti hakulia. Alimwambia mchukua damu kwamba ataidai akiihitaji.

Picha ya mkono ilitoka palepale. Daktari aliiweka kwenye mwanga: vidole vya mwanangu vyeupe, vyembamba. Mifupa hii, akasema, ni ya mtoto wa miaka tisa na nusu. Ikiendelea kukimbia hivi itafunga mapema, na atabaki mfupi. Halafu akauliza nyumbani kuna dawa gani, krimu gani, mafuta gani.

"Dawa ya maumivu na mafuta ya mgando tu," nikasema. Nilijibu haraka, kama mtu anayeulizwa jina lake.

Ijumaa, 21 Machi

Shemeji hapokei simu ya kaka yake. Mama mkwe anampikia mwanangu, anamwogesha, anampaka mafuta, anamlaza mkononi, na mimi ananijibu kwa "ndiyo" na "hapana". Namwelewa. Mimi mwenyewe sijisemeshi.

Jumatatu, 24 Machi

Kibiriti amempiga mwenzake darasani kwa sababu alimwita mama kubwa kwa ajili ya kifua chake. Mwalimu ameniita. Nilijikuta nauliza alimpiga vizuri?

Ijumaa, 28 Machi

Majibu.

Daktari alichora kichwa kwenye karatasi, na chini yake tumbo. "Kawaida kichwa ndicho kinatuma amri, tumbo linatii. Kwa huyu kichwa kimelala fofofo. Hakijatuma kitu."

"Basi tumbo limejiamulia."

"Tumbo ni safi. Hakuna uvimbe, hakuna chochote." Akaweka kalamu chini. "Lakini homoni ya kike imo kwenye damu yake. Haijatoka kwake, mama. Inatoka nje. Inaingia kila siku, kwa kumeza au kwa ngozi."

Mtu anaweza kukubali ugonjwa uliojizalia ndani. Huu sasa uliletwa, na ulikuwa umeletwa nyumbani kwangu, chini ya pua yangu inayonusa kola za watu.

"Sindano haina kazi kwa sasa," akasema. "Huwezi kumlaza aliyelala. Kwanza ziba pale panapovuja. Nenda kaiangalie nyumba yako."

Mtu wa kwanza niliyemfikiria ni mimi. Ninachovya mikono kwenye dawa za madoa asubuhi hadi jioni. Moshi wa pasi unapanda kwenye nguo zilizoning'inia juu ya sahani ya mwanangu. Nilipofika nyumbani nilibeba madumu yote, ya kung'arisha, ya kulainisha, ya wanga, nikayatoa nje mvuani. Wakili alikuja nikamwambia dobi amefunga.

"Umefunga mpaka lini?"

"Mpaka nitakapojua nimemfanya nini mtoto wangu."

Akaondoka bila mashati.

Jumapili, 30 Machi

Nimerudi kwa daktari na kapu la madumu. Amesoma lebo moja moja. Hakuna hata moja, kasema. Zinaweza kunichuna mikono, lakini haziwezi kumkomaza mtoto. Nikarudi na kapu langu, nimelowa, sijui nimwogope nani sasa.

Jumatano, 2 Aprili

Leo nitaandika yote.

Nimefungua kazi, kwa sababu njaa haina subira. Mchana nikaanza na nguo zetu. Nilikuwa napiga pasi gauni la kulalia la mama mkwe, lile la bluu hafifu lenye mikono mirefu. Nimelipiga pasi mara ngapi sijui. Leo pasi ilipofika kwenye mkono wa gauni, nikaiinua.

Mafuta ya mgando nayachukia kuliko kitu chochote katika kazi hii. Yakishika kitambaa, pasi ikipita juu yake doa linatoka la rangi ya chai ya maziwa, na halitoki bila vita. Nguo za Kibiriti zina madoa hayo shingoni na viwikoni. Na mama mkwe kila jioni baada ya kuoga huchota kwenye kopo lake la mafuta ya mgando, akajipaka mikono yote miwili hadi mabegani, kisha akavaa gauni hili. Nimemwona. Kopo lake ni lake peke yake, la Kibiriti liko kwenye dirisha la bafu.

Mikono ya gauni ilikuwa safi. Niligeuza ndani nje, nikapeleka dirishani. Hakuna doa. Halijawahi kuwepo.

Niliingia chumbani kwake bila kubisha hodi, jambo ambalo sijawahi kufanya tangu niolewe. Alikuwa anakunja soksi za mtoto. Nikachukua kopo, nikafungua. Yaliyomo yalikuwa ya kung'aa, mepesi, yanatikisika, na yananuka kama pamba ya sindano yenye spiriti.

"Mama, haya si mafuta."

Akaangalia soksi.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni dawa yangu."

"Dawa ya nini?"

Alimjibu sungura aliyechorwa kwenye soksi. "Ya joto. Ya umri. Hedhi ilipokatika nilikuwa naungua, silali, nalia bila sababu. Kliniki wakanipa hii nijipake mikononi. Tyubu ina picha ya mwanamke na maneno makubwa. Nikaona mwanangu wa kiume ataisoma, na wewe utanitania. Nikawa naikamulia humo."

Nikamwuliza kama walimwambia anawe mikono. Alisema walisema mambo mengi, dirishani, mbele ya foleni, na yeye alikuwa anaitikia tu ili aondoke. Halafu nikaona uso wake unabadilika. Aligeuza viganja akavitazama. Alikuwa amefika mwenyewe nilikofika mimi: anajipaka, anachukua kopo la mtoto, anampaka kwa viganja vile vile, anamlaza kwenye mkono ule ule. Kila jioni.

"Kumbe ni mimi," akasema.

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa na maneno ya kumvua nguo mtu hadharani. Alimwacha shemeji aondoke mvuani, aliniacha nitoe madumu yangu nje, aliacha mtoto atolewe damu, na wakati wote kopo liko juu ya kabati. Lakini hakujua. Lile lilikuwa jambo baya zaidi, kwamba hakujua, na hapakuwa na mtu wa kumchukia. Nikakaa kitandani pembeni yake. Nilisikia Kibiriti sebuleni anahesabu mashati ya wakili.

Alhamisi, 3 Aprili

Daktari alinusa kopo, akafunga, akavua miwani. "Ndiyo hii." Hakumgombeza mama mkwe. Alimwambia dawa ni nzuri, na aliyempa alipaswa kumkalisha chini, si kumsemesha dirishani. Mama mkwe alikaa amekalia mikono yake.

Sasa tunasubiri. Kifua kitarudi chenyewe, pole pole. Akatuonya kwamba mtoto huenda akatoka damu tena, kwa sababu mwili umenyang'anywa homoni uliyoizoea, tusishtuke. Mume wangu akauliza na mifupa? Daktari akasema mifupa hairudi nyuma. Na kuna hatari kwamba ubongo uliosikia kelele zote hizi utaamka kweli. Ukiamka, ndipo sindano.

Jumapili, 6 Aprili

Nimemfuata shemeji. Anaishi nyuma ya kibanda chake cha simu. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, hakunipa kiti. Nikamwomba msamaha.

"Mama nitakuja kumwona," akasema. "Kibiriti nitamletea penseli. Wewe, shemeji, nipe muda."

"Muda gani?"

"Si uliniuliza bila kunipa hata dakika? Basi mimi najichukulia."

Nilirudi kwa miguu. Alisema kweli na sina pa kukata rufaa.

Ijumaa, 11 Aprili

Damu, kama tulivyoambiwa. Tuliambiwa tusishtuke, nikashtuka hadi nikaangusha beseni. Kibiriti ndiye aliyenituliza. "Ni ile ya mwisho, mama. Daktari alisema."

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Wakili kachukua mashati yamekauka nusu, kasema atayamalizia kukausha mahakamani.

Jumamosi, 26 Aprili

Mama mkwe hamgusi mtoto. Ameacha dawa, anaungua upya, na mikono anaiosha kwa sabuni yangu ya kufulia mpaka vidole vimepasuka. Nimemwonyesha mafuta mapya, ya mgando kweli, kopo halijafunguliwa. Alitikisa kichwa. Namwogesha Kibiriti mimi, nampaka mimi, vibaya na haraka, nikifikiria pasi.

Leo mtoto aliniuliza, "Bibi amenikasirikia kwa sababu nilikua?"

Sijawahi kupigwa kofi na mtu mkubwa likaniingia kama swali lile. Nilimwambia amwulize mwenyewe. Hakuthubutu, yeye Kibiriti.

Ijumaa, 9 Mei

Nimempeleka mama mkwe kliniki. Nilikaa naye ndani, mlango umefungwa, nikauliza maswali yote kwa sauti. Wamempa vidonge. Njiani kurudi nikamwambia utani ule wa mchumba ulikuwa wa kijinga.

"Ulikuwa wa kuchekesha," akasema. "Ila ulinikuta pabaya."

Jumapili, 18 Mei

Shemeji kaja na penseli. Alikunywa chai. Alinisalimia. Hakulala.

Jumatatu, 2 Juni

Jua. Nimeanika kila kitu nilichonacho.

Daktari kampima Kibiriti kwa muda mrefu. Vifungo vile vya kifuani vimelainika, karibu havipo. Urefu haujaongezeka. Damu inaonyesha ubongo bado umelala. Mifupa iko mbele kama ilivyokuwa, na huenda akawa mfupi kuliko alivyoumbiwa. Kiasi gani, hakuna anayejua. Tutarudi kila baada ya miezi mitatu. Nikamwuliza mpaka lini, akasema mpaka tumfikishe umri wake.

Jumamosi, 7 Juni

Jana jioni nilikuwa napita na kapu, mlango wa mama mkwe uko wazi nusu. Kibiriti ameshaoga. Amekaa mbele ya bibi yake na kopo jipya mapajani, ameshika mkono wa bibi kama fundi aliyeshika simu mbovu.

"Vidole vyako vimepasuka. Lete na huu."

"Mwanangu, mimi nisikuguse."

"Wewe hunigusi. Mimi ndiye nakugusa."

Alimpaka kuanzia vidoleni hadi mabegani, akichota kwa kiganja kizima, uharibifu mtupu. Mama mkwe alikuwa amefumba macho na machozi yanashuka. Alipomaliza, mtoto alivuta mkono wa gauni ukashuka mpaka kifundoni, akaulalia.

Leo nimefua gauni la bluu, nikalipiga pasi. Mkono wa kulia wote una doa, kubwa, la rangi ya chai ya maziwa. Nimelitundika hivyo hivyo, mbele kabisa, wateja wakaliona.